Mtani Akifungwa, Nani Ampe Pole?

Jumapili ya tarehe 25 Mei 2025, katika mgahawa mmoja wa Kimoroko karibu na Place Liedts hapa Schaerbeek, nilishangilia bao lililofungwa dhidi ya timu ya Tanzania. Sikushangilia kwa siri. Nilisimama, nikapiga meza, nikapeana mikono na watu nisiowajua. Timu iliyofungwa ilikuwa Simba, waliofunga walikuwa RS Berkane wa Morocco, na kwenye kiti cha pili kutoka kwangu alikaa rafiki yangu wa miaka zaidi ya ishirini, amevaa jezi nyekundu. Mimi ni Yanga.

Msomaji wa Tanzania hahitaji maelezo zaidi. Kwa ndugu zetu wa Kenya, Uganda, Kongo na kwingineko, niseme kwa kifupi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata, kwa jinsi tulivyosimuliwa na wazee, baadhi ya watu wake walijitenga wakaunda timu yao, ambayo ilipita majina kadhaa, likiwemo Sunderland, mpaka mwaka 1971 ikaitwa Simba. Timu zote mbili zina makao yake Kariakoo, Dar es Salaam. Moja Jangwani, nyingine Msimbazi, na mtu anaweza kutembea kutoka kwa hawa hadi kwa wale bila kutokwa jasho. Wametoka tumbo moja, na kwa miaka tisini hawajawahi kupumzika kusemana. Ndiyo maana magazeti yetu hayawaiti mahasimu tu. Huwaita watani wa jadi.

Swali ninalotaka tulitafakari pamoja ni la zamani kuliko mimi. Simba inapocheza na timu ya nje, je, shabiki wa Yanga ana wajibu wa kuishangilia? Na asipoishangilia, bali akaenda mbali zaidi akamshangilia mgeni, amefanya kosa? Kama ni kosa, amemkosea nani?

Jambo hili nimelishuhudia tangu ujana. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Walitoka sare kule Abidjan, kwa hiyo ushindi wa aina yoyote nyumbani ungewapa kombe. Wakafungwa 2-0 Dar es Salaam. Jioni ile mtaani kwetu Magomeni kuna nyumba zilizofunga milango na kuna nyumba zilizopiga ngoma, na mimi nilikuwa kwenye ngoma. Marehemu baba, ambaye hakuwa mtu wa mpira, alinitazama akasema, "Mnacheza msiba wa nani?" Sikumjibu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na nilidhani hajaelewa swali.

Wenye kusema nilikosea huleta hoja ya uzalendo. Nchi kwanza, klabu baadaye. Wakiona maneno hayo hayatoshi, huongeza hesabu, na mimi kama mhandisi hesabu naiheshimu. Shirikisho la Soka Afrika hupanga nchi kwa pointi zinazopatikana na klabu zake kwa miaka mitano. Nchi 12 za juu hupewa nafasi mbili katika Ligi ya Mabingwa na mbili katika Kombe la Shirikisho. Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa msimu wa 2018-19 na tena 2020-21, na pointi hizo zilichangia sana kuipandisha Tanzania. Msimu wa 2021-22 tulipeleka timu nne: Simba na Yanga katika Ligi ya Mabingwa, Azam na Biashara United katika Kombe la Shirikisho. Yanga tulikuwa washindi wa pili nyumbani. Yaani timu yangu iliingia Ligi ya Mabingwa kwa mlango ambao mtani ndiye aliyeusukuma.

Hesabu hiyo ni sahihi, na shabiki wa Yanga anayeikana anajidanganya. Lakini inanieleza faida yangu tu. Kama ni pointi ndizo zinazonifunga kwa Simba, basi siku ambayo pointi hazitakuwepo nitakuwa huru kuwacheka. Uzalendo wa namna hiyo ni biashara, na biashara haina aibu wala haya.

Watetezi wa uzalendo hunikumbusha pia Mbwana Samatta. Alipita Simba kabla ya kwenda TP Mazembe, kisha Januari 2016 akaja Genk, hapa hapa Ubelgiji. Msimu wa 2018-19 alifunga mabao 23 ya ligi na Genk ikachukua ubingwa. Siku zile tulikuwa tukipanda treni kwenda Genk, wekundu na wa kijani katika behewa moja, na hakuna Yanga aliyekaa kimya Samatta alipofunga. "Mbona pale mliweza?" wananiuliza. Jibu ni kwamba pale hapakuwa na mtani upande wa pili. Sote tulikuwa wenyeji wa furaha ile. Kushangilia pamoja hakutupimi. Kinachotupima ni kucheka mwenzako anapolia.

Wenye kusema sikukosea nao wana hoja yao. Moyo haupokei amri, na klabu si taifa. Bao la Simba siku ile ya fainali lilifungwa na Joshua Mutale, Mzambia. Kocha wao wa wakati huo, Fadlu Davids, ni Mwafrika Kusini. Ni taifa gani hilo nililolisaliti? Hoja hii ilinipendeza kwa miaka mingi, kwa sababu inafunga mlango wa lawama kwa kishindo. Siku hizi naona ina tundu. Inaniondolea deni langu kwa taifa, sawa. Haigusi kabisa deni langu kwa yule mtu aliyekaa kiti cha pili.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya nchi, wakati neno lenyewe tunalolitumia kila siku linatuambia jambo jingine. Neno ni utani.

Utani kwetu si kuchekeshana tu. Ni mkataba. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wa bara walipokuwa wakishuka na mizigo kuelekea Bagamoyo na kupita katika nchi ya watu. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya kumi na tisa, na kutoka katika damu ile ukazaliwa utani. Mkataba huo una vifungu viwili. Kifungu cha kwanza ni ruhusa: mtani anaweza kukutukana, kukuchukulia kuku wako, kukucheka hadharani, na huruhusiwi kukasirika. Kifungu cha pili ni wajibu, nacho husahaulika: mtani ndiye anayekuja ukifikwa.

Nilikiona kifungu hicho cha pili nikiwa mtoto, babu yangu alipofariki kijijini Kisarawe. Sisi ni Wazaramo. Wakaja watani zetu Wanyamwezi. Mmoja akaanza kumuiga babu alivyokuwa akikohoa na kuinua bakora, mpaka bibi aliyekuwa analia akajikuta anacheka. Mwingine akashuka kaburini akalala, akasema hatoki mpaka alipwe, kwa sababu mzee alimdai na sasa anakimbia deni. Alipewa shilingi zake akatoka. Lakini kaburi lile alilichimba yeye. Maji aliteka yeye. Usiku ule wa kwanza, ndugu wa damu walipozidiwa na usingizi, watani ndio waliokesha. Ndiyo maana hakuna aliyeona tusi katika maneno yao. Ruhusa yao walikuwa wameilipia kwa jasho.

Katika kazi yangu ya madaraja tunaacha mwanya makusudi kati ya kipande na kipande cha sakafu ya daraja. Joto likipanda vipande hutanuka, baridi ikija hunywea, na bila mwanya ule zege hupasuka. Mtu asiyejua akiuona anaweza kudhani ni ufa. Lakini mwanya hauachwi tu ukasahauliwa. Ukijaa mchanga na takataka kwa kukosa kusafishwa, hauchezi tena, na siku ya joto daraja hujisukuma lenyewe likavunjika. Nadhani utani ni mwanya wa namna hiyo katika jamii. Unatupa nafasi ya kusukumana tusivunjane, ila kuna kazi ya kuusafisha, na kazi hiyo hufanywa baada ya kicheko.

Wenyeji wetu wa hapa nao hawako mbali na jambo hili. Schaerbeek huitwa mji wa punda. Zamani wakulima wa hapa walikuwa wakipeleka cheri zao sokoni Brussels juu ya migongo ya punda, na watu wa mjini wakiwaona wakija wakawa wanawaita punda wa Schaerbeek. Wenyewe wakalichukua jina wakalivaa. Mpaka leo punda wanafugwa katika bustani ya Josaphat, na watoto wetu huenda kuwalisha. Tusi lililopokelewa kwa namna ile limekuwa mali ya familia.

Sasa nirudi kwa mtani wangu, ambaye sitamtaja jina. Ni Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo ni mtani wangu mara mbili, kwa kabila na kwa mpira. Mwaka 2023 zamu ya mtihani ilikuwa yangu. Yanga tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger. Tukafungwa 2-1 Dar es Salaam tarehe 28 Mei. Tarehe 3 Juni tukaenda Algiers tukashinda 1-0, kwao, mbele ya umati wao, na kombe tukalikosa kwa sheria ya bao la ugenini. Mtu akifungwa mabao matano hulala. Mtu akikosa kombe kwa sare ya mabao hakai wala halali.

Mtani wangu alikuwa upande wa Waalgeria mechi zote mbili, tena kwa sauti. Kwenye simu alinitumia picha ambazo siwezi kuzieleza katika jarida la familia. Lakini Jumapili, siku moja baada ya mechi, saa nne asubuhi, kengele ya mlango ililia. Alikuwa amekuja na mkewe, wamebeba sufuria la wali na kuku, limefungwa kwa kitenge. Akaingia na uso wa msibani, akakaa kwenye kochi, akasema, "Poleni wafiwa. Marehemu alijitahidi." Tukacheka mpaka shemeji akatunyamazisha. Kisha akakaa saa tatu, akasikiliza manung'uniko yangu yote juu ya sheria ile, dakika kwa dakika, bila kunikatiza. Alipoondoka nilikuwa mzima.

Miaka miwili baadaye ikaja zamu yake. Simba walifungwa 2-0 kule Berkane. Marudiano yakapelekwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, kwa kuwa CAF haikuridhika na hali ya Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mgahawa tuliochagua ni wa mtu wa Berkane kabisa. Hapa Schaerbeek si ajabu, maana Wamoroko wengi wa Brussels asili yao ni kaskazini na mashariki mwa nchi yao. Ukutani ametundika picha ya mashamba ya machungwa ya kwao, na jezi ya timu yao nayo ni ya rangi hiyo hiyo. Mutale alifunga mapema, na kwa muda mrefu mtani wangu aliamini. Nilimwona anavyoamini. Mechi ikielekea ukingoni Berkane wakasawazisha, 1-1, jumla 3-1, na hapo ndipo niliposimama na kupiga meza.

Filimbi ya mwisho ilipolia, mwenye mgahawa, ambaye timu ya mji wake ilikuwa imechukua kombe hilo kwa mara ya tatu, alikumbatiana na wateja wake. Kisha akaenda jikoni. Akarudi na birika la chai ya nanaa na glasi moja, akaliweka mbele ya mtani wangu. Akamwekea mkono begani, akamwambia kwa Kifaransa kwamba timu yake imecheza kiume na kwamba chai hii hailipwi. Mimi wakati huo nilikuwa bado natafuta kwenye simu ile picha niliyotumiwa mwaka 2023, ili nimrudishie.

Mgeni ndiye aliyetimiza wajibu wa mtani, na mtani nikabaki mgeni. Mtani wangu alikunywa chai, akaaga, akatoka.

Jioni ile ile Brussels ililipuka kwa honi. Union Saint-Gilloise walikuwa wamewafunga Gent 3-1 na kuwa mabingwa wa Ubelgiji. Mara ya mwisho ilikuwa 1935, mwaka ule ule Yanga ilipozaliwa. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzee wa Kibelgiji, ni shabiki wa Anderlecht, na Anderlecht na Union hawapendani. Nilimkuta ngazini, nikamchokoza kidogo kuhusu kelele za nje. Akaniambia marehemu baba yake alikuwa mtu wa Union na alikufa bila kuona ubingwa mwingine. "Kesho nitapita makaburini nimpe habari," akasema. "Hata kama itaniuma." Nikapanda kwangu nikiwa na haya.

Mngedhani kesho yake nilikwenda kwa mtani. Sikwenda. Jumatatu nilikuwa na kazi, Jumanne nikaona nimechelewa, na wiki ilipopita nikaona aibu ya kuchelewa imekuwa kubwa kuliko aibu ya kosa. Wengi wetu tulioko ughaibuni tunaijua hali hii. Ndivyo tunavyopoteza watu: si kwa ugomvi, bali kwa ziara moja iliyoahirishwa.

Tarehe 25 Juni, mwezi mmoja kamili, Simba na Yanga wakakutana katika mechi ya ligi iliyokuwa imeahirishwa tangu Machi. Yanga tukashinda 2-0 na kuchukua ubingwa wa nne mfululizo. Niliruka peke yangu sebuleni. Nikashika simu ili nimpigie mtu, nikakuta sina wa kumpigia. Ningeweza kuandika kwenye makundi ya simu, ambako watu mia mbili wasiojuana hutukanana usiku kucha. Lakini wale si watani zangu. Hakuna hata mmoja wao atakayekuja kwangu na sufuria, wala mimi sitamchimbia kaburi. Maneno yale yale ambayo kwa mtani ni mzaha, kwao yangekuwa matusi matupu, kwa sababu hayana kifungu cha pili. Ushindi ule ulikuwa mtamu kwa dakika tano hivi. Ushindi bila mtani ni chakula bila chumvi, na chumvi ile niliimwaga mwenyewe.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Shabiki wa Yanga halazimiki kuishangilia Simba, na Simba halazimiki kuishangilia Yanga. Mwacheni kila mtu na moyo wake. Hata kumshangilia mgeni, mkataba wetu unaruhusu. Waswahili wamesema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mtani ndiye zimwi lenyewe. Lakini ruhusa hiyo ina bei. Anayecheka leo sharti awe wa kwanza kubisha hodi kesho. Asiyeweza kubisha hodi, kwa sababu hamjui anayemcheka au kwa sababu ya uvivu, basi na anyamaze. Marehemu baba alipouliza tunacheza msiba wa nani, hakuwa akikataza ngoma. Alikuwa akiuliza kama tunamjua mfiwa.

Jumamosi iliyofuata nilipika pilau, nikalifunga kwa kitenge, nikatembea mpaka kwa mtani wangu, upande wa pili wa bustani. Alifungua mlango, akalitazama sufuria, akanitazama mimi. "Msiba wa mwezi wa tano," akasema, "unakuja kuhani mwezi wa sita? Deni la mtani lina riba." Nikamuuliza riba ni nini. Akaingia ndani akarudi na jezi nyekundu. Akasema nitaivaa mpaka Liedts na kurudi, na yeye atatembea nyuma yangu ahakikishe.

Nikaivaa. Tulipofika, mwenye mgahawa aliniangalia kuanzia shingoni mpaka kiunoni, akamwangalia mtani wangu, akaelewa bila kuelezwa. Akaleta birika la chai ya nanaa na glasi mbili. Safari hii nililipa mimi.